Kidonge cha Saa Mbili Asubuhi

Mume wangu alikuwa fundi wa mabango. Sio hawa wa siku hizi wanaobonyeza kompyuta. Yeye alipiga mstari kwa chaki, akachovya brashi, akaandika herufi kubwa kama mlango bila kurudia. Saluni, gereji, duka la dawa, mtaa mzima uliandikwa kwa mkono wake. Mimi nilimkorogea rangi, na mdomo nilikuwa nao.

"Fundi, hiyo R imelewa?"

"Mama watoto, koroga rangi, usinikoroge mimi."

Kisha ugonjwa wa Parkinson ukaingia kwetu bila hodi. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, lakini huo hata hatukuujali sana, maana kilichotumaliza ni usingizi wa mchana. Analala kijiko kikiwa mdomoni. Analala katikati ya salamu. Siku moja alilala kwenye kigoda brashi ikiwa imegusa ubao, rangi nyekundu ikachuruzika mpaka sakafuni. Nilimfokea mpaka majirani wakachungulia. Aibu niliiona baadaye, nikiwa nimeshafoka.

Basi nikaapa: usingizi huu nitaufukuza, mume wangu arudi kwenye brashi yake. Nikamganda daktari kule kliniki hadi akaandika kidonge cha kumweka macho, kimoja saa mbili asubuhi baada ya chai, asije akakesha usiku.

"Lakini mama," akasema, "hiki kinapunguza usingizi tu. Mkono hakiugusi."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nimeshika mpini wa mlango. Nilikuwa nimesikia nilichokitaka.

Jamani, kikafanya kazi! Wiki ya pili fundi yuko macho kodo, anasikiliza taarifa ya habari hadi mwisho, ananitania tena. Nikakimbilia kwa muuza dawa, nikamtangazia kwamba fundi amerudi. Naye kwa wema wake akatupa bango lake lililopauka tuliandike upya.

Nikalipaka rangi nyeupe. Nikakoroga nyekundu. Fundi akakaa, akachovya, akaandika. Herufi ya kwanza ikatoka imekatikakatika kama uzi uliofumuka. Akaifuta kwa kitambaa. Akaandika tena, akafuta tena. Alifanya hivyo hadi saa sita, hakupiga mwayo hata mmoja. Mimi nimesimama na kopo langu, nakoroga rangi iliyokwisha kukorogeka. Usingizi tuliokuwa tukiulaumu haukuwepo tena.

Akaweka brashi chini. "Kumbe haukuwa usingizi."

"Kesho mkono utakuwa mwepesi."

"Usinidanganye, mama watoto. Nimeona mwenyewe."

Kesho yake nikamletea chai na kidonge. Chai akanywa, kidonge akakisukuma pembeni. Nikaanza vurugu zangu: nimepanga foleni kwa ajili yako, nimegombana na watu, leo unanichezea? Akaningoja nimalize.

"Nikilala unatulia," akasema.

"Nini?"

"Mkono. Kaa hapo utauona."

Nikakaa. Haikufika saa nne, kichwa kikaanguka kifuani. Nikautazama ule mkono juu ya goti. Ulikuwa umetulia tuli, vidole vimekaa vizuri, mkono ule ule nilioolewa nao. Nililia kwa kujibana, nisije nikamwamsha.

Kidonge nikakirudisha kwenye chupa. Kisha nikajitwika bango la watu, jeupe hivyo hivyo, nikalirudisha dukani.