Ua la Mama Mkwe

Mama mkwe alipokuja kutoka Vuga kunitembelea mara ya kwanza, hakuniletea maharage wala ndizi kama wakwe wa wenzangu. Aliniletea ua, kama alivyowapelekea wake wa wanawe wote. Lilikuwa jeupe, lenye harufu tamu na mizizi minene mfano wa tangawizi. Alilipanda mwenyewe katikati ya karoti zangu, bila shaka kwa kuwa aliona karoti hazinukii.

Mvua za kwanza lilitoa machipukizi, nikafurahi. Mvua zilizofuata likameza tuta zima. Anayeuliza kwa nini sikuling'oa hana mama mkwe. Kila alipokuja, kabla sijamaliza kusema shikamoo, macho yake yalikuwa yameshafika bustanini.

Basi nikalifunga jela. Nilichimba mtaro kulizunguka, nikasimamisha humo vipande vya mabati chakavu, kingo zikichungulia juu ya udongo ili mizizi isipande na kuvuka. Chipukizi lililotoroka nililing'oa na mzizi wake, nikalianika juu ya jiwe hadi likauke, maana ukilitupa bichi jalalani linaota upya kwa raha zake. Mume wangu, mtaalamu wa kutazama watu wakilima, aliniambia kweli nalipenda ua la mama yake.

Wakati huo ukoo ulikuwa na swali moja. Mama ameanza kuumwa magoti, atahamia kwa mwana yupi? Sisi wakwe zake tulimpenda sana, kila mmoja kwa mbali. Mwenzangu mmoja alisema kwake kuna mteremko mkali. Mimi nilisema kwetu kuna baridi, kana kwamba Vuga ni jangwani. Kanisani nilimwomba Mungu waziwazi anibakishie nyumba yangu.

Siku moja akaja, akajikongoja moja kwa moja hadi bustanini. Nikajua nimekwisha. Aliyatazama yale mabati, akaupapasa udongo, kisha akaketi ukingoni mwa tuta na kuanza kulia.

"Kwa mwanangu mkubwa wamelipiga dawa," alisema. "Kwa mdogo wake kule Mazinde wamelimwagia zege. Wewe peke yako, mwanangu, umelijengea hata ukuta."

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Lakini alikuwa ameshanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vyepesi mno. Nilimwonea huruma, nikajionea huruma mimi zaidi, nikamwinua nikampeleka ndani kunywa chai.

Jumamosi iliyofuata mume wangu alishusha godoro la mama yake kutoka kwenye pikapu. Mama alichagua chumba mwenyewe, kile ninachoshonea.

"Kitanda kikae hapa dirishani, nilione ua langu," alisema. "Na yale mabati, mwanangu, yatoe tu. Sasa nipo, nitaliangalia mwenyewe."