Akiba ya Bi Zuhura wa Tunduma

Nilitoka Mbeya asubuhi ya Jumatatu kwa sababu wafanyabiashara wa Tunduma walikuwa wameikataa mikopo yetu. Siku hizo Songwe haijawa mkoa, na chama chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Meneja alinikabidhi furushi la fomu, akasema, "Kawaelimishe."

Tulipofika Nanyala mvua ilikuwa imekatika. Kutoka hapo mibuni ilikuwa imechanua, maua meupe matupu, na harufu yake ikajaa basini. Mpaka leo nikiikumbuka natamani kurudi barabara ile.

Saa tano niliteremka Tunduma. Madereva wa malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Zambia walikuwa wakila kwa Bi Zuhura, mama wa Kondoa aliyeuza wali karibu na mpaka. Nilimwamkia. Akanipakulia kwanza, ndipo akaniuliza shida yangu. Nikafungua fomu.

"Mwanangu, riba mimi sili wala silipi," akasema. "Na fedha ninazo, sina pa kuziweka tu. Mwaka jana banda liliungua na kasha langu ndani. Humo ilikuwamo nauli ya kwenda kumwona mama. Mwaka wa tisa huu sijamwona."

"Benki je?"

"Nikimaliza kupika wameshafunga. Nitafutie mtu apite hapa kila jioni, achukue kidogo nilichopata. Asiniongezee kitu. Nikimwomba, anipe changu."

Fomu ya jambo hilo sikuwa nayo. Nikageuza ile ya mkopo, nikaandika maneno yake nyuma.

Kesho yake, Mbeya, meneja aliyasoma akacheka. "Akiba isiyo na faida? Nani ataitaka?"

"Niruhusu nijaribu, bosi."

"Miezi mitatu. Ukishindwa, tafuta kazi nyingine."

Nikahamia Tunduma. Wiki za mwanzo nilipita kwa Bi Zuhura peke yake, nami usingizi sipati. Halafu wauza vitenge wakaanza kuniita, kisha mafundi baiskeli, hata nikawa nachelewa kumaliza mzunguko.

Miezi mitatu ilipotimia, Bi Zuhura aliomba akiba yake yote. Nilimsindikiza hadi kituo cha mabasi, akiwa na khanga mpya na zawadi za mama yake. Nilikuwa nimezoea kuwaona wateja wakiondoka na fedha zetu. Yeye ndiye wa kwanza niliyemwona akiondoka na zake.