Ukurasa niliotengeneza kama zoezi sasa unaita mabinti wa watu

Admin, jina langu libaki kwako tu. Nina miaka 26, mama wa mtoto mmoja, naishi Kahama. Mume wangu ni dereva wa malori, muda mwingi yuko njiani. Nilichoka kukaa tu nyumbani nikaanza kujifunza kutengeneza tovuti, kozi ya bure mtandaoni. Kwenye grupu la wanafunzi kuna kaka tunamwita Mwalimu, akajitolea kunielekeza. Sura yake sijawahi kuiona. Alikuwa mpole jamani, nikikosea hanicheki.

Mwezi uliopita akanipa zoezi. Nitengeneze ukurasa wa wasichana kuomba kazi za jikoni na usafi kwenye kambi za migodi huko Geita. Waweke jina, namba, picha, na wanaishi na nani. Nikamuuliza, "Wanaishi na nani, ya nini?" Akajibu, "Mazoezi tu dada, usiwaze." Nikausajili kwa jina langu, nikampa na nenosiri aukague. Kosa moja tu lilinishinda: ukibonyeza kutuma, neno "Asante" linatokea mara mbili.

Juzi jirani yangu Mama Dotto kaja na binti yake Dotto, anacheka. "Mayu, mama yangu, Mungu katuona! Dotto kapata kazi mgodini, kesho wanamfuata na gari." Nikamwomba binti anionyeshe alikoombea. Akafungua simu. Asante Asante. Ni lile kosa langu.

Nikawaambia ukweli wote, kwamba ukurasa ni wangu na hakuna kazi yoyote. Mama Dotto akaniangalia kama mchawi. "Kwa hiyo uko nao?" Lakini Dotto hakwenda. Asubuhi gari lilikuja kweli, vioo vyeusi, likasimama njia panda bila kuzima injini. Hakushuka mtu. Likaondoka.

Nilipotaka kuufuta ule ukurasa nikakuta nenosiri limebadilishwa. Hapohapo Mwalimu akaniandikia, "Dada, umeongea na nani?" Akaandika tena, "Jina lililopo pale ni lako, sio langu. Na mumeo hayupo." Mimi sijawahi kumwambia kama nimeolewa.

Mume wangu kwenye simu anasema, "Nyamaza kabisa, utafungwa wewe." Mama Dotto salamu yangu haitikii. Leo mchana nimeufungua ule ukurasa, bado unapokea maombi, na sijui ni mabinti wangapi wameshajaza wala kama wote wapo makwao.

Nikienda polisi jina ni langu. Nikikaa kimya, lile gari litasimama kwa mwingine. Ndugu zangu, hasa mnaojua sheria, nianzie wapi? Nijibuni mapema, naogopa.