Moshi wa Barabara ya Iten

Virginia Jemutai, binti Kimutai, mjukuu wa Jeruto aliyepanda ukingo wa Keiyo mwaka wa nzige na kaa la moto ndani ya chungu, asikubali lizimike. Binti wa Kimutai aliyevunja mawe ya barabara ya Iten kwa nyundo miaka sita. Yeye mwenyewe fundi wa cherehani mjini Eldoret, aliyeshonea nusu ya mji sare za shule, na mwanamke wa kwanza wa kwao kuning'inia angani kwa nyuzi akarudi na miguu yote miwili.

Kuruka alifunzwa na mzungu mmoja, Henrik, aliyekuwa akimletea parachuti zake za kuelea na upepo azishone. Februari ya mwaka 1990 Henrik alikuwa anarudi kwao. Akamwambia, "Mama, ukitoka ukingoni Iten ukatua uwanja wa maonyesho Eldoret, parachuti hii mpya inabaki kwako."

Barua ya ruhusa ya kuruka ilikuwa ya siku moja tu. Naibu wa chifu aliisoma mara tatu, akauliza kama kuna karatasi za siasa zitamwagwa kutoka juu.

"Hakuna karatasi," Jemutai alisema. "Niko mimi peke yangu."

Siku yenyewe ilikuwa ya kukasirisha tangu asubuhi. Upepo wa mashariki ulikuja kwa vishindo, ukanyamaza, ukaja tena. Mara tatu alitandaza kitambaa, mara tatu kikakunjwa kama shuka kwenye kamba. Saa sita na nusu akaondoka. Hewa ya moto ya bonde ikambeba mpaka mabati ya Iten yakawa madogo kama punje. Akaligeuzia bonde mgongo, upepo ukamsukuma kwenda nyumbani.

Alikuwa amejipanga. Jumapili, baada ya ibada, alimwomba Mama Chelimo wa Chepkoilel achome mabua ya shamba lake saa saba, ili moshi umwonyeshe upepo wa chini unaelekea wapi na hewa inapanda wapi. Moshi mmoja. Alichosahau ni watu wake. Neno likisemwa mlangoni mwa kanisa hulala katika kila nyumba, na nani angekubali mtu wao apite juu asione dalili ya moto kwake? Februari kila shamba lina mabua. Saa saba wakawasha wote.

Jemutai aliona moshi mmoja, akafurahi. Akaona wa pili. Kufika nusu ya njia aliona zaidi ya thelathini, huu umelala kulia, ule kushoto, mwingine mweusi tii. Ikawa blanketi. Jua likafifia, ardhi ikapoa, na kifaa cha kifuani kilichokuwa kikilia kila hewa ikimpandisha kikanyamaza. Barabara aliyoivunjia mawe babake hakuiona tena. Alizunguka akitafuta hewa, akikohoa, machozi yakimtoka, mpaka shamba la viazi la Kabiru, jirani wa Mama Chelimo, likampokea. Chepkoilel. Maili nne zilibaki.

Akina mama walikuja mbio na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, Mama Chelimo mbele.

"Uliona moshi wetu?"

"Niliuona."

"Wa kwangu ndio uliokushusha," akasema mke wa Kabiru. "Tulitia tairi."

"Tairi si moto, ni uchafu," Mama Chelimo akamjibu. "Kunywa kwanza, Jemutai, hasira haishibishi."

Akanywa, maana kibuyu hakikataliwi. Lakini hakusema asante.

Henrik alifika na pikapu, akatazama moshi, akatazama viazi. "Maili nne, Mama. Pole." Akaikunja parachuti mpya taratibu, akaipakia.

Mama Chelimo akauliza kwa sauti ya chini, "Tumekuharibia?"

"Mmeniharibia." Jemutai alijipangusa masizi usoni. "Parachuti yangu ile kuukuu iliyochanika iko nyumbani, inafunika mahindi. Mvua ikinyesha nitaishona. Mwaka ujao nitaomba barua nyingine. Kazi yako ni hii: siku hiyo upite kila boma kutoka hapa mpaka Iten, ukusanye viberiti vyao. Moto uwe wako peke yako."

"Na wakiniuliza mimi ni nani wa kuwanyima moto?"

"Waambie kaa ni la Jeruto, na wewe ndiye nimekupa ulibebe."