Gari Jeusi Linalorudi Kuwa Damu ya Mzee

Saa mbili asubuhi, Wilailak Saengdao amepiga goti kando ya gari la polisi, msasa mkononi, kitambaa kimemfunika pua na mdomo. Anausugua mlango mweusi unaong'aa bila huruma, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua.

"Rangi hii ni bishi," anasema. "Lakini mimi ni mbishi zaidi."

Mama huyu mwenye umri wa miaka arobaini na tisa ndiye fundi rangi anayetegemewa na kituo cha polisi cha Ban Nong Kradon, mji mdogo wa mashamba ya miwa kaskazini mashariki mwa Thailand. Mwezi ukiwa mzuri hubakiwa na baht elfu kumi na mbili. Magari yote ya doria yamepita mikononi mwake, juu meupe, chini rangi ya damu ya mzee.

Mwezi uliopita kituo kiliamua kujaribu sura mpya. Likaletwa gari jeusi tii, na askari wakaweka meza sokoni kuwauliza wananchi wanalionaje.

"Nyie, hilo la polisi au la kubebea maiti?" aliuliza muuza soseji, Mama Lamduan.

"Shangazi, acha litishe!" akadakia dereva mmoja wa bodaboda. "Au unataka wezi wa pikipiki wabembelezwe?"

Watu wakacheka, na wengi wakalipitisha jeusi.

Wilailak hakucheka. Mama yake, Bi Bunma, ana ugonjwa wa kusahau. Hutoka nyumbani akapotea, na kuna siku hamjui hata binti yake. Ila gari la damu ya mzee hajalisahau. Akiliona huinua mkono, hupanda, na askari humrudisha nyumbani. Wiki ile ya majaribio alipotea tena. Gari jeusi lilipomkaribia, bibi wa watu akakimbilia kwenye miwa. Alipatikana jioni, miguu imechanwachanwa na majani.

"Nililia kwa hasira," anasema Wilailak. "Waliulizwa wanaopita sokoni. Mama yangu nani alimuuliza?"

Kesho yake alifanya jambo ambalo mji unalizungumza hadi leo. Kwao, mtu akiambiwa na mtabiri kuwa rangi ya gari lake haipatani na siku aliyozaliwa, haliuzi. Hubandika stika inayotaja rangi nyingine, na mkosi umekwisha. Basi Wilailak akakata stika, akaibandika nyuma ya gari jeusi mchana kweupe: GARI HILI NI JEUPE NA DAMU YA MZEE.

Soko zima likaangua kicheko. Mkuu wa kituo, Inspekta Thanakrit, akaja mbio.

"Dada Wilai, umechezea gari la serikali!"

"Sijalichezea, afande. Nimeliondolea mkosi. Kwani la kwako si jeupe, na limeandikwa jekundu?"

Inspekta akakohoa. "Lile... lile ni la bahati. Bahati inasoma stika."

"Sawa, bahati inasoma. Mama yangu hasomi, afande. Yeye anaangalia rangi. Jana amelala na miiba ya miwa miguuni."

Kicheko kikakatika. Mama Lamduan akaacha soseji zake zikiungua, akaenda kwenye meza ya askari kusema anataka rangi ya zamani. Yule dereva wa bodaboda akamfuata, kichwa chini. Jioni hiyo inspekta akaagiza gari lipelekwe kwa Wilailak lipakwe rangi ya zamani.

Magari mengine ya kituo yataamuliwa kwenye mkutano baada ya mavuno ya miwa. Wilailak ameshajipanga.

"Nitakwenda na mama mwenyewe," anasema. "Wamtazame usoni, halafu waniambie jeusi."

Kufikia adhuhuri, ubavu mmoja umeshapakwa. Bi Bunma anatoka ndani taratibu, analiona gari, anasimama wima na kuinua mkono. Anangoja.

"Mbona hawanifungulii mlango?"

"Subiri kidogo, mama," anajibu binti yake. "Rangi haijakauka."