Kofia ya Mwenyekiti wa Lushoto

Kilichonipeleka Lushoto ni jina la Koku. Koku ni muuguzi mwenzangu katika zahanati yetu huku Handeni, Mhaya aliyeletwa na serikali kutoka Bukoba, na mpaka leo hajalizoea vumbi letu. Alikuwa anatamani kwenda kusomea ukunga. Majina ya wanaotaka kusoma yalipelekwa mkoani na matawi ya chama chetu cha wauguzi, na katika tawi letu jina lake ndilo lililokuwa la kwanza. Mara tukasikia kwamba viongozi wa mkoa watakutana Lushoto, na kwamba wanakusudia kuyafuta matawi madogo. Sisi tungeunganishwa na Korogwe. Korogwe wana wauguzi wengi na majina yao wenyewe, kwa hiyo jina la Koku lingekwenda mkiani, na huko mkiani sijapata kusikia mtu akiitwa.

Wenzangu wakanichagua mimi kwa sababu, walisema, nina mdomo. Sikubisha. Mdomo ninao, na isitoshe Lushoto nilikuwa naisikia tu kwa watu: eti kuna baridi ya kulala na sweta, eti Wajerumani walipapenda wakajenga kama kwao. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Koku alinisindikiza mpaka penye basi akanishika mkono. "Dada Zaina," akasema, "ukifika huko usione aibu. Sema." Nikamwambia aibu yangu niliimaliza siku nyingi.

Mchana tulikuwa Mombo. Pale ni joto, kelele za makuli, wanawake wanaokimbilia madirisha ya magari na machungwa yao, na juu yako milima imesimama wima. Niliitazama nikajiuliza gari linapita wapi. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu, mwenye tenga la kuku, nikamwuliza. Akacheka, akasema, "Linapita palepale unapopaogopa." Kweli bwana. Ile barabara inajikunja na kujikunja tena, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, na dereva anaongea na utingo wake huku amegeuza shingo! Nikasoma kila dua ninayoijua. Lakini macho sikufumba, maana chini kule mto ulikuwa unaruka juu ya mawe, na kila kona hewa ilibadilika, mpaka nikaanza kusikia baridi kwenye vidole.

Soni tuliteremka kunyoosha miguu. Sokoni nilikuta kabichi na karoti zimerundikwa hata huoni muuzaji. Nilinunua mapeasi, tunda ambalo sikuwa nimewahi kulitia mdomoni, nikala moja papo hapo bila hata kulifuta. Bibi aliyeniuzia akanisalimu, "Onga mshi." Nikamwelewa, kwa kuwa Kizigua chetu na Kisambaa ni ndugu, ila yeye aliyavuta maneno kwa madaha. Nikamjibu kwa Kizigua changu. Akashika kiuno. "Kumbe Mzigua! Na umelipa? Basi nimekosea bei, nilipaswa kukutoza zaidi."

Hapo inafaa niwaeleze wasiojua. Sisi Wazigua na Wasambaa ni watani. Babu zetu walipigana weee, wakachoka, na vita ikageuka maneno. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo na huruhusiwi kununa. Anaweza kuchukua kitu chako na asikirudishe mpaka ukikomboe. Hata msibani, wengine wakilia, mtani ndiye anayeruhusiwa kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Mtu mwingine akifanya hayo, atapigwa.

Jioni nikaingia Lushoto. Majumba ya kizamani yenye mapaa makali, mikaratusi mirefu, ukungu unaoteremka kama una haraka ya kufika nyumbani. Mwenyeji wangu, Mama Hadija, muuguzi wa hospitali ya pale, alinipokea mlangoni kwa kunipokonya kapu. "Mzigua kaja kushiba," akawaambia majirani. "Kwao wanakula vumbi." Nikamwambia vumbi la kwetu lina ladha kuliko viazi vyake. Tukakumbatiana. Akanipa chai ya maziwa na maharage ya moto, akanifunika blanketi jingine juu ya lile la kwanza. Nikamweleza habari ya Koku na ya tawi letu.

Akaacha kucheka. "Mwenyekiti ni Mzee Shemboza," akasema. "Mtu wa Vuga huyo, muuguzi tangu enzi za mkoloni. Mpe shikamoo yake vizuri. Na nakuonya mapema: nyumbani kwake ni mcheshi, lakini akikalia kile kiti utani anauacha nje pamoja na viatu vyake vya shamba. Usijaribu."

Asubuhi mkutano ukaanza. Tulikuwa wajumbe kutoka kila wilaya ya mkoa, tumekaa kwenye mabenchi ya ukumbi uliojengwa na wageni wa zamani, na dirishani naiona milima. Mzee Shemboza aliingia amevaa pama jeusi. Alilivua, akaliweka mezani mbele yake, na kipara chake kikang'aa. Wote tukasimama. "Shikamoo, mzee!" "Marahaba, wanangu."

Mambo yalikwenda mbio. Ilipofika habari ya matawi madogo, akasoma sentensi moja, akasema, "Hili kamati imeshalimaliza. Tuendelee." Nikanyoosha mkono. "Ndugu mjumbe wa Handeni, utapata nafasi kwenye mengineyo," akasema kwa upole. Nikakaa. Mjumbe wa Pangani na wengine ambao matawi yao nayo ni madogo walikuwa wanatazama sakafu. Nani ambishie mzee aliyewafundisha nusu yao kuchoma sindano?

Tukafika mengineyo. Nikanyoosha mkono tena. Mzee akatazama saa ya ukutani. "Ndugu zangu, wengine wana basi la kuwahi. Kama hakuna la zaidi, tufunge." Na mkono wangu uko juu! Hasira ilinipanda. Nikamkumbuka Koku pale penye basi. Nikasimama, nikatembea mpaka mezani, nikalichukua lile pama, nikajivika kichwani.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "mimi ni Mzigua. Kofia hii nimeiteka. Msambaa akiitaka aikomboe. Fidia yake ni mjadala wa tawi la Handeni."

Katibu alisimamisha kalamu hewani. Mjumbe mmoja kutoka mjini Tanga, mtu aliyehamia kutoka bara ya mbali asiyejua mambo yetu, akafoka, "Huyu mama atolewe nje!" Mama Hadija, naye mjumbe wa Lushoto, alijifunika uso kwa kanga. Mzee Shemboza akanitazama. Hakutabasamu. Akaendelea kunitazama, nami nikalishika pama lisinianguke.

Mwishowe akamgeukia katibu. "Andika," akasema polepole, "kwamba Wazigua wamevamia mkutano. Na kama kawaida yao, wamekuja kuiba."

Loo! Watu waliangua kicheko hata benchi moja likaanguka. "Haya, sema upesi," akaniambia, "kichwa changu kinaumwa na baridi."

Nikasema. Nilisema kwamba tawi halipimwi kwa wingi wa watu tu, lipimwe pia kwa umbali. Kwamba vijiji vyetu vipya vya ujamaa vimeleta akina mama karibu na zahanati, lakini mkunga hatuna, na ikitokea mtoto amekaa vibaya tunamfunga mama kwenye kitanda cha kamba na kumbeba mpaka hospitali ya mbali. Kwamba kuna muuguzi, jina lake ni hili, anayetaka kusoma arudi kulekule kwenye vumbi, na Korogwe hawamjui. Nilipomaliza, yule wa Pangani akasimama akaniunga mkono. Wakafuata wengine. Ikaamuliwa matawi yabaki, na majina yaende kama yalivyopangwa.

Nikavua pama, nikalirudisha kwa mikono miwili, nimepiga goti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwizi."

Kesho yake alinialika nipitie kwake Vuga kabla ya kuteremka. Vuga ndiko walikokaa wafalme wa Usambara, na mimi nilitarajia ngome, au angalau ukuta. Nilikuta migomba, mahindi, watoto wanaoswaga mbuzi, na nyumba za watu. "Mji wenyewe uko wapi?" nikauliza. Akanionyesha kwa fimbo: hapa watu walikuja kuamuliwa kesi, pale walileta kodi, kule hapakukanyagwa na mtu asiyeitwa. "Mzigua ungefika hapa zamani, usingeondoka na kichwa, seuze kofia," akasema. Tukacheka. Halafu akaacha kucheka. "Lakini nikuambie kweli, binti. Jana nilikasirika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikutoe nje na kuwaandikia wakubwa wako. Sijui kilichonigeuza."

Njiani kuteremka, kwenye kona zilezile, sikutazama mto wala mawe. Maneno ya mzee yalinikaa moyoni.

Nilifika Handeni jua likiwa kali. Koku alitoka kwenye chumba cha wagonjwa akijifuta mikono, akasimama mlangoni akinitazama. Nikamwambia, "Tawi limebaki. Jina lako limekwenda." Akakaa chini kwenye ngazi, akalia, nami nikalia. Kisha akataka kusikia yote, nikamsimulia kwa mbwembwe, pama kichwani na benchi likianguka. Niliposema jinsi mzee alivyotaka kunitoa nje, machozi yakamkauka.

"Kwa hiyo angekutoa nje," akasema, "jina langu lingeishia hapo?"

"Ni mtani wangu, Koku."

"Wako. Mimi Mhaya. Ulichukua kofia ya mzee kwa kichwa changu, Dada Zaina. Mimi ndiye ningelipa, na wala sikuwapo."

Nikainama, mimi niliyechaguliwa kwa mdomo. Nimejifunza mengi katika safari ile: tunda la mapeasi, mji wa wafalme usio na ukuta, na kwamba kuna neno ambalo heshima hulizuia na utani hulipitisha. Ila hili la Koku ndilo lililonigusa zaidi, kwamba unapomsemea mtu, unacheza na kilicho chake. Na bado, kama mkono wangu ungeachwa hewani tena, ningeichukua kofia ile. Nikamwambia hivyo hivyo, kisha nikamwomba radhi.

Akasimama, akajikung'uta gauni. Ndani mgonjwa alikuwa anaita.

"Nitakusamehe," akasema, "siku nitakaporudi mkunga."