Kidole cha Kusomea

"Rudisha," alisema Kishindo, akaisukuma karatasi hadi ukingo wa meza. "Mmeandika mchi. 'Mchi zinazopakana na bahari.' Wanafunzi watadhani dunia ni kinu."

Fundi mtambo aliipokea ile karatasi kama mtu aliyewekewa mchuzi wenye nzi. Tangu asubuhi alikuwa anarudishiwa kurasa tu. Alishaufungua mtambo, akaupiga brashi, akautia mafuta, akaufunga, akaomba na dua kidogo, na bado mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki alikuwa anamwambia nukta hazitoki.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo: vyumba viwili, kimoja cha kelele na kimoja cha kusoma. Kilichapa vitabu vya shule kwa ajili ya wasioona, kwa nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa ncha za vidole. Kishindo hakuwa akiona. Kazi yake ilikuwa kupapasa kila ukurasa kabla haujajalidiwa na kukamata makosa, na kwa kazi hiyo alikuwa mkali kuliko mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Herufi ya n ikipungukiwa nukta moja tu inakuwa m, na nchi nzima inageuka mchi.

Fundi akaiinua karatasi dirishani, akaielekeza kwenye mwanga.

"Kishindo, ndugu yangu. Nukta zipo. Zote."

"Hazipo."

"Naziona kwa macho yangu!"

"Mimi sizioni, ndiyo maana nikaajiriwa. Rudisha."

Fundi hakurudisha. Alimshika kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kile cha kusomea, akakiweka juu ya ile herufi, akakikandamiza taratibu. "Hapo. Iko hapo hapo chini ya kidole chako. Umeisikia?"

Kishindo alisikia karatasi. Basi. Ilikuwa kama kumpapasa mtu aliyejifunika blanketi: unajua yupo, hujui pua iko wapi.

"Labda nimechoka," alisema.

"Labda," alisema fundi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuongeza neno la utani. Hilo ndilo lililomtisha Kishindo kuliko yote.

Maana alishawahi kupita njia hiyo. Macho yake hayakuzimika kwa siku moja. Yaliondoka kama wageni wasiopenda kuaga, mmoja mmoja, wakianzia pembeni. Alikuwa mvulana wa kuanza kubalehe, na kwa muda mrefu alikuwa anailaumu taa. Taa ina moshi, mama. Taa imepungua mafuta, mama. Mama akasafisha kioo, akabadili utambi, akanunua taa nyingine, hadi siku walipoelewa wote wawili kwamba taa haikuwa na kosa. Sasa alikuwa anaulaumu mtambo.

Alirudi nyumbani bila kumwambia mkewe. Wiki ile akawa anatumia akili badala ya vidole: penye shaka alikisia neno, akapitisha ukurasa. Macho yakiondoka unabaki na vidole. Vidole vikiondoka, unabaki na nini? Redio?

Sasa, mtu huyu hakupewa jina la Kishindo kwa kusoma kimya kimya. Mwisho wa wiki alikuwa mpiga tumba, ile ngoma ndefu inayopigwa kwa viganja, katika bendi inayotumbuiza kwenye sherehe. Alikuwa anapiga mpaka vikombe vinahama mezani. Miezi michache nyuma bendi ilikuwa imechoshwa na ngozi za mbuzi zinazochanika, ikawamba tumba zote kwa ngozi nene ya ng'ombe. Ngozi ya ng'ombe haina huruma. Ili ilie inabidi uipige kama unaidai, na Kishindo, asiyependa kushindwa na mnyama aliyekwisha kufa, alifanya mazoezi uani kila jioni.

Na wapiga ngoma wana ugonjwa wao mmoja: huonea fahari sugu kama askari anavyoonea fahari kovu. Kwenye bendi yao walishindanisha viganja kama majogoo. Kishindo aliongoza. Aliwahi kuzima mshumaa kwa kidole mbele ya watu na kushangiliwa, na hakujiuliza hata mara moja kwa nini hakuungua.

Jumapili akaja shemeji, mdogo wa mkewe. Huyu alifanya kazi saluni, upande wa kucha na miguu, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko vifaa vyake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," alisema Kishindo, akanyoosha mkono.

Shemeji aliupokea, akashtuka, akaugeuza. "Dada! Njoo uone! Huu ni mkono au kisigino cha mlinzi wa usiku? Mimi nimekuja kupumzika, shemeji unaniletea kazi mpaka nyumbani!"

Mkewe akacheka kutoka jikoni. Kishindo hakucheka. Kwa kawaida angemjibu kwamba visigino vya walinzi ndivyo vinavyomlisha, na wangechapana maneno hadi chakula kipoe. Leo aliuvuta mkono wake, akauweka mapajani.

Shemeji akakaa karibu naye, akashusha sauti. "Kuna nini?"

Akamwambia. Kwanza kidogo, halafu yote: kurasa, fundi, taa ya mama. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na mwiko ulikuwa unadondosha mchuzi sakafuni bila yeye kujali.

"Umekaa na hili wiki nzima?" alisema. "Na mimi nipo hapa, nalala pembeni yako kama mto?"

"Mgombeze baadaye, dada. Niletee kitabu chake," alisema shemeji. "Chochote, ila kisiwe anachokijua kwa moyo."

Kitabu kikaja. Shemeji alikuwa amevishika vidole vyote kumi vya Kishindo, kimoja kimoja, kama mtu anayechagua nyanya. "Vidole hivi vitatu vya kati vimekuwa kwato. Lakini hiki cha mwisho, shemeji, hiki kidogo, ni laini kama cha karani. Hakigusi ngoma?"

"Hakifiki. Ninapopiga kinabaki hewani."

"Basi soma nacho."

"Nani anasoma kwa kidole cha mwisho?"

"Wewe. Sasa hivi."

Akakiweka juu ya mstari wa kwanza. Kilikuwa kidole mbumbumbu, hakijawahi kwenda shule. Kilijikwaa, kikaruka herufi, kikarudi. Lakini chini yake, wazi kama punje za mchele kwenye sinia, nukta zilikuwepo. "Ma," alisoma Kishindo. "Ma-ji. Maji ya... mvua." Akaisoma tena, maji ya mvua, na sauti ikamkatika katikati.

Mkewe akaketi sakafuni pale pale alipokuwa.

"Hakuna kinachokufa hapa," alisema shemeji, naye akipangusa macho kwa kiwiko. "Umejivisha viatu vidoleni, halafu unashangaa husikii zulia. Dada, bandika maji."

Maji yakaja, ya uvuguvugu, na sabuni kidogo. Kishindo akalowesha mikono hadi ngozi ikalegea. Shemeji akatoa jiwe la kusugulia, akasugua ncha za vidole polepole, huku akihubiri. Wembe ni marufuku. Atakayekata sugu kwa wembe atapata kidonda, na kidonda hakisomi wala hakipigi ngoma. Usisugue mpaka iishe, kila siku punguza kidogo. Sugu ya kiganjani iache, hiyo ndiyo ngao yako. Mafuta ya mgando upake baada ya ngoma, kamwe si kabla, maana mkono utateleza na ngozi ya tumba itayanywa.

"Kwani ngoma ataendelea kupiga?" aliuliza mkewe.

Kishindo alikuwa tayari kusema ataiacha. Alishafungua mdomo.

"Ataendelea," alisema shemeji. "Akiiacha utaishi naye vipi? Mtu huyu akikosa cha kupiga ataanza kutupigia siasa. Kidole cha kusomea tu ndicho akifunge plasta kabla ya kupiga, safu mbili, isibane. Ngoma ichukue vingine."

"Nikupe nini, shem?" aliuliza Kishindo.

"Nipe mkono wa kulia. Huu wa kushoto nimemaliza."

Tangu siku hiyo alipaka mafuta kila jioni na kuvaa soksi mikononi ili yasichafue shuka. Mkewe alilalamika kwamba ameolewa na kikaragosi, lakini ni yeye aliyezivuta na kuzikaza kwenye viganja. Kwenye bendi walimcheka kwa plasta yake, na ngoma ikalia vile vile. Vitu vikaanza kurudi kidogo kidogo: uzi wa taulo, mshono wa kola, kichwa cha njiti ya kiberiti. Kila kilichorudi alikisalimia kimoyomoyo. Hakuna mtu aliyewahi kufurahia taulo kiasi kile.

Kazini aliomba zile kurasa alizokuwa amezipitisha kwa kukisia, zote, kabla hazijajalidiwa. Fundi alizileta bila kubisha, akavuta kiti, akakaa mbele yake akijifanya anafuta spana.

Kidole kilitembea. Ukurasa, ukurasa, ukurasa. Kikasimama, kikarudi nyuma.

"Hapa mmeandika fwani. Ni pwani. Nukta moja imelala."

Fundi aliirukia ile karatasi, akaikimbiza dirishani. Alitazama, akafuta miwani, akatazama tena. Kisha akapiga ukelele uliowatoa watu wa chumba cha pili mbio.

"Kosa! Kosa la kweli! Haipo kabisa! Mwone mtu huyu, amenikamata!" Hajapata kuonekana fundi aliyefurahia kuharibu kazi namna ile. Aliondoka na ukurasa wake akiimba, kwenda kulinyoosha bamba la chuma linalochapa zile nukta.

Aliporudi, Kishindo alikuwa bado ameinama juu ya kitabu, kidole kikiteleza kutoka mstari hadi mstari, bila haraka, midomo ikichezacheza.

"Umepata lingine?" aliuliza fundi.

"Hapana," alisema Kishindo. "Nasoma tu."